Mgeni Aliyejua Kukunja Maboksi

Pa. Kimya cha pumzi moja. Pa, pa.

Sauti ilitoka kwenye kidirisha kilichokuwa usawa wa nyasi, chini ya ukuta wa kanisa, na asiyejua angedhani kuna watu wanapigana makofi huko chini. Dario Tarquinio alijua. Lilikuwa donge la unga likibamizwa mezani na kiganja cha mwanamke asiye na haraka wala huruma, na kile kimya cha katikati ni pale donge linapogeuzwa. Ndani ya mfuko wa suruali kiganja chake mwenyewe kilimwasha. Akakifumba.

"Nini hiyo?" Paige aliuliza, kamera imeshafika jichoni.

"Sijui," Dario akasema.

Alikuwa akilisema neno hilo tangu asubuhi. Kwenye jumba la picha, lile la marumaru nyeupe, alisimama mbele ya mchoro wa wavulana pekupeku wanaokimbia wameshikana mikono, akasoma maelezo ya ukutani polepole kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza. Kumbe kila mwaka wa shule mwalimu aliwapanga mbele ya mchoro ule ule, na yeye aligombania kusimama karibu na yule mvulana anayeanguka. Kwenye kinu cha maji, ndani ya bustani ya bondeni, alimuuliza mlinzi njia ya kwenda mtaa wa Brier Hill. Mlinzi alimwelekeza kwa mkono na kwa kidole, Dario akashukuru, kisha akaingia garini na kukata kona isiyo yake. Alipotea kwa makusudi katika mji ambao angeweza kuuvuka kutoka daraja hadi daraja akiwa amefumba macho. Paige alicheka. Akasema huo ndio uzuri wa safari, kupotea.

Mji ule ulikuwa Youngstown, Ohio, na ndimo alimozaliwa.

Jarida lao la Chicago lilikuwa na safu ya miji inayorukwa, ile ambayo watu huipita kwenye barabara kuu bila kupunguza mwendo: nini kinaliwa huko, nini kinatazamwa. Dario aliandika, Paige Lindholm alipiga picha. Mhariri alipoutaja Youngstown, Dario hakuweza kukataa, kwa sababu kukataa kunataka sababu. Na sababu yenyewe alikuwa ameificha tangu siku ya kwanza alipokaribishwa chakula nyumbani kwa wazazi wa Paige. Baba yake Paige, daktari wa meno, mtu mpole, alisimulia jinsi alivyowahi kupita Youngstown akafunga milango yote ya gari, na meza nzima ikacheka. Dario naye akacheka. Kule kucheka ndiko kulikomtafuna baadaye kuliko hata uongo uliofuata. Maana mama yake Paige alimgeukia na kumuuliza, na wewe, kwenu ni wapi? Akajibu Cleveland. Watu wako bado wako huko? Wametawanyika, akasema, sina mtu hasa. Ulikuwa uongo mdogo, wa kumalizia swali. Sasa Oktoba alikuwa amwoe Paige, na uongo ule ulikuwa umeshakua, una mtaa wake, una shule yake, una hata mbwa.

Mtu hasa alikuwepo. Shangazi Assunta, dada ya baba yake, ndiye aliyemlea baada ya mama kufa na baba kwenda Texas kutafuta kazi, asirudi. Kila Ijumaa wanawake wa parokia ya Mtakatifu Donato walioka piza kwenye chumba cha chini ya kanisa na kuuzia mji. Viwanda vya chuma vilipofungwa na sadaka ikakauka, piza ile ndiyo iliyoshika paa la kanisa lisianguke. Assunta alikuwa kichwa cha meza. Dario alikulia chini ya meza hiyo, kati ya viatu vya wanawake, unga ukimnyeshea kichwani kama theluji.

Leo alikubali kuja kwa sababu Paige ndiye aliyelipata jina la kanisa, na kwa sababu alijiona salama. Wakati wa Krismasi shangazi alimwambia kwenye simu kuwa magoti yamemshinda, hashuki tena ngazi za kanisa. Dario alimpa pole na kukata simu. Sasa, pale kwenye nyasi, aliyakumbuka magoti ya mwanamke aliyemlea, na akayashukuru.

Wakashuka.

Joto liliwapokea mlangoni, na harufu ya hoho zilizoungua kingo. Foleni ilikuwa ndefu: wauguzi waliotoka zamu, vijana wa gereji, wazee wenye kofia za chama cha wafanyakazi wa kiwanda ambacho hakipo tena. Dario alikuwa na ndevu siku hizi, na miwani. Aliinamisha uso kidogo. Mwanamke aliyekaa kupokea maagizo hakumjua, wala yeye hakumjua. Alikuwa mnene, mchangamfu, miwani yake inaning'inia kwenye kamba, na kabla hawajamsalimu vizuri alikwisha kumweleza Paige kuwa anaitwa Ludmila, na kuwa alihamia hapa baada ya parokia yao ya Kislovaki kufungwa, na kuwa Waitaliano hawa wanapiga kelele sana lakini wana roho nzuri.

Dario akajitia ugeni. Na kama afanyavyo mwongo mwenye hofu, alizidisha.

"Kubwa mbili," alisema. "Na ile jibini laini, inayovutika, mnaweza kuongeza?"

Foleni ikageuka. Pale walitia sosi nzito, hoho, na jibini kavu ya kusugua, basi. Hivyo ndivyo walivyofanya mabibi waliokuja na meli, na hakuna aliyewahi kuomba vingine na akapewa.

"Huyu katoka wapi?" mzee mmoja wa kofia aliuliza.

"Chicago," Dario akasema.

"Tumeona."

Watu wakacheka. Sauti ya unga ikanyamaza. Kutoka nyuma ya oveni alitokea mwanamke mfupi, mabega mapana, nywele zimefunikwa kwa wavu, mikono myeupe mpaka viwiko. Alikuja akitembea imara, magoti mazima kabisa. Alisimama mbele ya Dario akamtazama, na Dario akatazama kifungo cha aproni yake, kile cha juu, kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Kulikuwa na muda pale. Mdogo, lakini ulitosha. Neno moja lingetosha pia, neno la mtoto, na lilifika mpaka kwenye meno yake. Paige alikuwa kando, akirekebisha kamera. Dario akameza.

Assunta aliona anameza.

"Karibu, bwana," akasema. "Hapa tunatia sosi, hoho na jibini kavu. Ukitaka ile inayovutika kama mpira, barabara kuu ipo, na maduka yapo."

Watu wakacheka tena, na yeye akarudi mezani. Nyuma yake wanawake wanne walikuwa wamenyanyua vichwa. Dario aliwajua wote. Mmoja aliwahi kumfuta kamasi kwa pindo la gauni lake. Mwingine alimchapa kwa mwiko siku alipokojoa kwenye ndoo ya kupigia deki. Walimtazama yeye, wakamtazama Assunta, na Assunta akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi. Basi. Vichwa vikainama. Kuanzia hapo alikuwa bwana kwa wote. Bwana asogee kidogo. Bwana aangalie, trei ni ya moto. Walimtunzia uongo wake kwa adabu, kikundi kizima, na ile adabu ilikuwa ikimchuna ngozi.

Paige hakujua lolote. Aliomba ruhusa ya kupiga picha, akapewa. Akauliza habari za unga, akaelezwa. Assunta alimpenda mara moja, na hilo Dario alilitazama kama mtu anayetazama nyumba yake kupitia dirishani. Alimvalisha aproni, akampa donge alibamize. Alipoushika mkono wa Paige ili kumwonyesha, vidole vyake vikakutana na pete.

"Unaolewa, mwanangu?"

Paige akasema ndiyo, Oktoba.

"Na bwana harusi?"

"Yule pale. Yule wa jibini."

Wanawake wakacheka kwa sababu ilibidi wacheke. Assunta hakucheka. Alimtazama Dario kwa mara ya pili, na safari hii alitazama muda mrefu zaidi, na kitu fulani usoni mwake kikahama mahali. Oktoba ilikuwa karibu. Mtu aliyepanga harusi ya Oktoba amekwisha kuwaambia wote anaotaka kuwaambia.

"Watu wake ni wa wapi?" akauliza.

"Cleveland," Paige akasema. "Lakini hana mtu tena, maskini. Wametawanyika."

Assunta aliliweka donge mezani bila kulibamiza.

"Pole sana, bwana," Assunta alisema, kwa upole wa kweli au kitu kilichofanana nao. "Ni vibaya mtu kukosa watu."

Dario alisema asante. Alijisikia anaisema.

Kisha Assunta akamuuliza Paige nani atawaokea biskuti. Paige akajibu kuwa kutakuwa na keki, ya duka moja zuri, na hapo hata wale waliokuwa wamenuna wakashindwa kujizuia. Harusi bila meza ya biskuti? Waliongea wote kwa pamoja. Kwao keki ni ya kupigia picha. Biskuti ndizo harusi: meza ndefu kuliko ya bwana na bibi harusi, aina kwa aina, zimeokwa na shangazi, mama wadogo, majirani na maadui wa zamani, na mtu akiona meza ni nyembamba anajua maharusi hawana wa kuwapenda. Ludmila alimshika Paige mkono akampeleka kwenye friza kubwa ya ukutani ili amwonyeshe. Akafungua kifuniko. Makopo yalijaa mpaka juu.

"Hizi zote za mtu mmoja," Ludmila alisema. "Za kijana wa Assunta, yuko huko huko kwenu Chicago. Hajaoa. Hajasema ataoa. Mwenzangu ameshaanza kuoka. Kila vuli anaoka, zikikaa mno anawapa harusi za wengine, anaanza upya. Binti yangu aliolewa kwa biskuti za huyo kijana."

Paige akasema ni kijana mwenye bahati.

"Bahati anayo, adabu sijui," Ludmila akasema. "Hata sura yake siijui. Mimi ningekuwa Assunta nisingemwokea hata moja. Mtu gani hapigi simu?"

"Ludmila," Assunta akaita, bila kugeuka. "Funga friza. Baridi inatoka."

Dario hakutaka kuona yale makopo. Aliwapa mgongo, akasimama kwenye meza ya pembeni iliyokuwa na rundo la maboksi ya piza, bado bapa, na kwa kuwa macho yake hayakuwa na pa kwenda aliyaacha ukutani. Masikio hayafungiki. Alisikia kila neno. Na wakati anasikia, mikono yake ilijipatia kazi. Kuinua, kukunja, kuingiza masikio ya boksi ndani, kisha kupiga pembe kwa mgongo wa kidole gumba ili mafuta yasiifungue njiani. Hayo mapigo ya kidole gumba ni ya pale tu. Watoto wa parokia walifundishwa kila Alhamisi baada ya shule, na asiyepiga pembe alirudishiwa boksi lake mbele ya wenzake.

Alipozinduka, maboksi yaliyokunjwa yalikuwa yamemfika kifuani, na Paige alikuwa anampiga picha.

"Ebo, bwana," Ludmila akashangaa. "Umewahi kufanya kazi hapa?"

Dario aliliweka chini boksi alilokuwa ameshika.

"Wageni wa siku hizi wanajifunza haraka," Assunta akajibu kwa niaba yake. "Wanatazama video." Akaja, akachukua boksi la juu kabisa, akaligeuza, akaitazama pembe yake. Imepigwa vizuri. Akalirudisha.

Alimfichia siri hata hapo. Dario angependa zaidi apigwe kwa trei.

Walipokuwa wanaondoka na piza zao, Assunta alitoa kopo kwenye friza akalitia mikononi mwa Paige. Ludmila akaanza kusema mbona hizo ni za, lakini mtu akamkanyaga mguu. Ni za harusi yako, mwanangu, Assunta akamwambia Paige. Mchumba wako hana mtu, na mtu asiye na mtu haendi kuoa mikono mitupu. Paige alimkumbatia, akachafuka unga kifuani. Dario alipewa mkono. Mkono ule wa kuamkia wageni, mkavu, wa mara moja.

"Safari njema, bwana."

Garini Paige hakunyamaza. Alilisifu kanisa, aliisifu piza, alisema hii ndiyo makala yao bora kuliko zote. Waliteremka kuelekea mtoni, wakapita uwanja mtupu ambako zamani tanuri za chuma ziliwaka mpaka usiku ukawa mwekundu. Sasa palikuwa na majani marefu na uzio. Kisha Paige, akipitia picha kwenye kamera, akauliza alijifunza wapi kukunja maboksi hivyo.

Mtu mwenye haya angesema pale. Dario alisema alifanya kazi kwenye duka la piza akiwa chuoni.

"Kumbe. Hukuniambia," Paige akasema, na akaendelea na picha zake. Aliamini. Hilo ndilo lililomvunja. Laiti angeshuku, laiti angegombana naye, Dario angepata pa kusimama. Lakini aliamini mara moja, kama mtu anavyopokea glasi ya maji. Akafungua kopo. Ndani zilikuwa zile za malai, zinazookwa zimeviringishwa kwenye vibanio vya nguo vya mti mpaka zikatoka na umbo la bomba. Bado zilikuwa na barafu. Akauma moja, akafumba macho.

"Yule mama," akasema, mdomo umejaa. "Tumwalike. Kweli. Hajui hata majina yetu na ametupa hizi. Tumwalike harusini."

Dario aliwasha taa ya pembeni akasimamisha gari kando ya uzio. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Jina langu analijua," akasema. "Ni shangazi yangu. Zile biskuti zote ni zangu."

Alimweleza yaliyobaki bila kumtazama: chakula cha siku ile, milango ya gari, kicheko, Cleveland, mbwa. Ilikuwa hadithi fupi alipoisema kwa sauti. Miaka yote alidhani ni ndefu.

Paige alikaa na nusu ya biskuti mkononi. Aliuliza jambo moja tu, kama yule mama alikuwa anajua pale alipompa pole. Dario akasema ndiyo. Paige akairudisha ile nusu ndani ya kopo, akafunga kifuniko, akajipangusa unga wa kifuani halafu akaacha kujipangusa.

"Nilimshukuru kama mhudumu," akasema. "Mtu aliyekulea. Uliniacha nifanye hivyo, ukanitazama." Kisha, akilipakata kopo: "Geuza gari."

Mauzo yalikuwa yamekwisha walipofika. Foleni haikuwepo, oveni zimezimwa, wanawake wanasugua trei na kusemana. Dario alishuka ngazi akiwa mbele. Wanawake walimwona wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka likabaki brashi moja tu linasugua, la Assunta, kwenye sinki, mgongo kwao.

"Shangazi," Dario akasema.

Brashi halikusimama. "Umesahau kitu, bwana?"

"Shangazi, ni mimi."

"Mimi nina kijana wangu Chicago," Assunta alisema akiiambia trei. "Lakini yule ana kwao."

Hapo Dario aliwageukia wote, maana aliona kuwa kwake peke yake haitoshi. Uso ulimwaka mpaka masikio. Alisema yeye ni Dario, mtoto wa Nello Tarquinio, amelelewa na Assunta, na amekulia chini ya meza hii. Alisema amemdanganya mchumba wake na wakwe zake, na leo amemkana shangazi yake mbele yao wote, na wao wakamsitiri, na hakustahili. Wanne waliokuwa wanajua walitazama sakafu. Ludmila alijivutia kiti akaketi.

"Mama yangu," akasema. "Na nimemsema mpaka basi, kumbe kasimama hapa hapa."

"Ulisema kweli," Dario akamwambia.

Assunta alifunga bomba. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akageuka.

"Cleveland," akasema. "Kama ni kunikana, si ungenikana kwa New York? Ungenikana kwa Paris, tukajua mtoto amekwenda mbali. Cleveland, Dario. Mji wa saa moja na robo kwa gari."

Mmoja akapasuka kucheka, na mwingine, na Ludmila akafuta macho kwa aproni. Dario hakucheka. Safari hii kicheko kilimhusu yeye mwenyewe, na alisimama ndani yake kama mtu anayesimama mvuani.

Kilipoisha, sauti ya shangazi ilikuwa imeshuka.

"Nilikuona tangu kwenye ngazi. Nilikujua kwa miguu, kabla ya uso. Nikajiambia, acha, ataniita mwenyewe. Ukaomba jibini." Akaliokota tena brashi sinkini. "Yale magoti nilikudanganya. Niliona ukisikia siwezi kushuka ngazi, utakuja kunitazama. Nikakaa nyumbani Ijumaa mbili, nimevaa vizuri. Hukuja. Nikarudi kwenye unga."

Hakulisema kwa hasira. Laiti lingekuwa la hasira. Dario aliyakumbuka maneno yake ya Krismasi: pole shangazi, jitunze, nina kazi. Alivua koti. Akalichukua lile brashi mkononi mwa Assunta, naye akaliachia, si kwa ukarimu, kwa mazoea. Akasogea kwenye sinki akaanza kusugua trei. Sosi iliyoungua haitoki upesi. Nyuma yake alisikia Paige anaomba radhi, na Assunta anamwambia yeye hana kosa, na akitaka chai ipo.

"Nataka uje harusini," Dario akaliambia sinki.

"Harusi ya nani? Yule bwana wa Cleveland simjui."

"Yangu."

"Na wakwe zako watanijua kama nani? Mama mmoja mliyemkuta kwenye safari?" Alikuwa ameketi sasa, karibu na Paige, mikono mapajani. "Sikiliza. Sikuapizi, wala sikunyimi. Friza imejaa, unaiona. Lakini biskuti zangu haziendi kwenye meza ya watu wasiojua zimetoka wapi. Nimeshazitoa kwa harusi za wengine mara nyingi. Naweza kuzitoa tena."

Paige hakumtetea. Alisema tu, kwa sauti tambarare, kuwa Jumapili wanakula kwa baba yake.

Dario aliweka trei chini. Maji yalimtiririka viwikoni yakaingia mikononi mwa shati. Aliona meza ile ya Chicago, sahani nyeupe, daktari mpole anakata nyama. Aliona jinsi midomo itakavyosita, na jinsi mama yake Paige atakavyokimbilia kujaza glasi. Aliogopa. Aliona aibu kuwa bado anaogopa. Akamgeukia shangazi yake, akamtazama usoni, jambo ambalo siku nzima hakuwa amelifanya.

"Jumapili," akasema, "nitakaa mezani kwa baba yake Paige, na kabla sahani yake haijajaa nitamwambia natoka Youngstown, Brier Hill, chini ya meza hii. Nitamwambia kuwa aliposimulia habari ya milango ya gari nami nilicheka, na nililicheka jina lako. Nitalitaja jina hilo lote, Assunta Tarquinio, kwa sauti ya kusikika. Nakuahidi, shangazi."